Siku Mtani Aliporudisha Upawa

Mama Apolinaria alikuwa na ulimi, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote kuanzia Chemchem alikokaa hadi Itetemia alikokwenda kila siku kujitolea. Mwenyewe alipenda kusema kwamba Mungu alimnyima watoto, kisha akaona haya, akamfidia kwa maneno. Na maneno hayo hakuyawekea akiba. Katekista Raymundi, mtu mpole aliyeongoza ibada pale kigangoni padre asipokuwepo, alikuwa akizunguka nyuma ya kanisa kumkwepa kila alipojua kwamba amekosea jambo.

Ni huyo huyo Raymundi aliyesimama Jumapili moja akatangaza kwamba kigango kinatafuta mtu wa kukaa na watoto baada ya shule. Watoto wa ng'ambo ya kijito, alisema, wanatoka darasani na njaa, wanatembea porini mpaka kwao, wakifika wanapewa jembe au mtungi, na kesho yake wanarudi shuleni vichwa vitupu. Kulikuwa na banda la matofali mabichi pembeni ya kanisa. Apatikane mtu wa kuwapikia uji na kuwasimamia masomo mpaka jua lipoe. Malipo hakuna. Miaka ile neno kujitolea lilikuwa kinywani mwa kila mtu, barabara kujitolea, madarasa kujitolea, watu wanaimba na kupiga makofi, lakini Jumapili ile wanaume wazima walianza kuchunguza sakafu kama wameangusha sindano. Mama Apolinaria akasimama. Alikuwa mjane wa Kornel, fundi wa reli, na kabla ya kuolewa aliwahi kufundisha kidogo shule ya misheni. Akasema yeye hana mtoto wala mume wa kumngoja nyumbani, ana miguu miwili na sufuria kubwa, na wenye watoto wao waendelee kutazama sakafu. Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

Basi kila mchana ungemwona anatoka Chemchem, unga kichwani, nyuma yake wanamfuata Batuli na Abasi, watoto wa jirani yake fundi cherehani. Hao walikuwa Waislamu. Ikifika saa ya sala wanatoka nje wanacheza, sala ikiisha wanarudi kwenye hesabu, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo. Wengine wote walikuwa watoto wa ng'ambo, wa kaya zilizotawanyika porini upande wa pili wa kijito, wana wa wakulima na warina asali. Mama Apolinaria aliwakoromea, akawafuta kamasi, akawashonea vifungo, akawachapia meza kwa mwiko, na watoto walimpenda kupita kiasi. Uji wenyewe ulikuwa wa unga wa njano uliotoka nje ya nchi, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa njaa, unga ambao watu waliubatiza Yanga. Ulikuwa na harufu ya gunia. Waliunywa wote mpaka wakalamba vikombe.

Miaka yote aliyokuwa bandani, hakuna mtoto hata mmoja wa ng'ambo aliyewahi kufaulu darasa la saba akaenda sekondari. Hata mmoja. Jambo hilo lilimkaa Mama Apolinaria kooni. Mwaka ule, hata hivyo, alikuwa na Veneranda.

Veneranda alikuwa binti wa Mahona, mrina asali, msichana mrefu mwenye magoti makavu, asiyesema sana. Akipewa hesabu alikuwa haanzi kuandika mara moja. Anaitazama kwanza, kichwa upande, kama mtu anayemsikiliza mgeni akijieleza, kisha anaandika jibu. Mwalimu mkuu wa shule mwenyewe alishasema kwamba huyu akikaa kwenye ule mtihani hakuna wa kumzuia. Mtihani ulikuwa umebaki wiki chache. Mama Apolinaria alikuwa akimwombea rozari kila asubuhi, na hakuwa akimwomba Mungu kwa upole. Alikuwa akimkumbusha kwamba wanadaiana.

Sasa kulikuwa na mtu mmoja, Nassibu, dereva wa lori la serikali. Alikuwa Mzaramo, aliletwa na kazi kutoka pwani. Siku ya kwanza alipopita kigangoni kuomba maji ya rejeta, akasikia kwamba mama huyu ni Mnyamwezi, mambo yakaisha hapo hapo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wao walipobeba mizigo pamoja kutoka huku hadi pwani, wakaugua pamoja na kuzikana njiani. Na mtani ana haki zake. Atachukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huruhusiwi kununa. Utakikomboa kwa kitu kidogo. Atakutukana wewe na ukoo wako wote, nawe utamrudishia. Ukifa ataingia kaburini mwako kabla yako na kudai kwamba hapo ni kwake, na wafiwa wako watalazimika kucheka na kumkomboa ndipo uzikwe. Tena mtani mzuri hachekicheki anapotania. Kadiri uso wake unavyokaza, ndivyo utani unavyonoga.

Nassibu alikuwa mtani mzuri. Kazi yake ilikuwa kuiba upawa. Anaingia bandani, anasalimu, anaamkiwa na watoto shikamoo, anaitikia marahaba kwa heshima zote, kisha anachomoa upawa sufuriani na kuondoka nao begani kama bunduki. Mama Apolinaria inabidi amtafute na kuukomboa kwa konzi ya matobolwa, yale matamu ya viazi vilivyochemshwa na kuanikwa. Siku moja alikuja na uso wa msiba, akasema padre amefariki. Watoto wakapigishwa magoti wakasali rozari nzima, mpaka padre mwenyewe akatokea na pikipiki yake kuuliza nani amefariki. Siku nyingine alimwambia Mama Apolinaria kwamba nyumba yake Chemchem inaungua. Mama wa watu akakimbia hadi nusu ya njia, viatu mkononi, ndipo akamsikia nyuma yake akipiga honi kwa furaha. Mama mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Wiki iliyofuata alimtilia pilipili kwenye uji wake, na Nassibu akaunywa wote huku machozi yanamtoka, akasema Wanyamwezi hawajui kupika hata sumu.

Ndivyo walivyokuwa, na ukweli usemwe, kicheko hicho ndicho kilichomsaidia mama huyu kuishi.

Habari za vijiji zilikuwa zikisikika tangu mwaka uliopita. Mkutano baada ya mkutano, watu wa ng'ambo waliambiwa wahame, waache kukaa kila mtu na pori lake, wakaishi pamoja kwenye vijiji vya Ujamaa, wapate shule, zahanati na maji. Walipiga makofi, wakasema ndiyo, wakarudi kwao kulala. Mahona aliuliza nani atawaeleza nyuki wa mizinga yake kwamba wahame, watu wakacheka, mkutano ukaisha. Ilisemwa malori yanakuja baada ya Pasaka, hayakuja. Ikasemwa yanakuja baada ya mavuno, hayakuja. Habari ikirudiwa hivyo masikio yanaizoea.

Mchana mmoja wa kiangazi, vumbi tupu, Nassibu akaja kwa miguu. Lori hakuwa nalo. Mkononi alikuwa na upawa, aliouiba siku chache kabla. Akauweka juu ya mfuniko wa sufuria, taratibu, wala hakunyoosha mkono kudai matobolwa.

Mama Apolinaria akamtazama juu mpaka chini. Akamuuliza kama huko kwao pwani wamepiga marufuku wizi. Nassibu akachuchumaa karibu na mafiga, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mtani, leo usimwache Veneranda arudi kwao. Mlaze kwako. Na hao wengine uwezao kuwalaza, walaze."

"Kwa nini?"

"Kesho tunakuja kuzoa watu wa ng'ambo wote. Tumeambiwa tusiseme."

Uso wake ulikuwa umekaza. Haujapata kukaza hivyo. Mama Apolinaria akauona, akasema moyoni, mshenzi huyu leo amejitahidi. Akaweka mkono kiunoni. Akamwambia aseme tu kwamba anataka kumposa msichana, asisingizie malori, na amweleze kwanza atamlisha nini huko Uzaramo, mchanga? Watoto wakaanza kukohoa kicheko.

"Sitanii," akasema Nassibu.

Hapo ndipo mama wa watu alipokosea, na kosa lenyewe angelifanya Mnyamwezi yeyote. Akageukia watoto, akapaza sauti: "Mmemsikia? Mzaramo anasema hatanii!"

Banda zima likalipuka. Batuli alianguka kwenye benchi. Na Nassibu, Mungu amsamehe, mdomo wake ulishazoea. Ulipofika mahali pa kucheka, ukacheka wenyewe. Alicheka. Kicheko kifupi, kibaya, lakini kilitosha. Alipojaribu kurudisha uso wake ulipokuwa, hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Akasimama kidogo mlangoni. Kisha akaondoka, mikono mitupu.

"Leo kasahau hata kuiba," Mama Apolinaria akawaambia watoto, na wakacheka tena.

Veneranda alikuwa ubaoni, anashindana na hesabu ya tangi. Tangi lina mabomba mawili, moja linaingiza maji, jingine linayatoa. Je, litajaa baada ya saa ngapi? Ilimsumbua. Alisema hesabu yenyewe haina akili, mtu anayetaka tangi lijae si angefunga bomba la pili? Mama Apolinaria alimwambia mtihani haumuulizi mtu kufunga bomba. Jua lilipopoa, msichana akajipangusa chaki kwenye gauni, akauliza kwa aibu, macho chini:

"Mama, kwa hiyo nisilale kwako?"

Alikuwa akiitamani siku nyingi nyumba ya Chemchem, kwa sababu kulikuwa na taa ya chemni na meza. Mama Apolinaria alimshika kidevu, akamwambia mama yake anamsubiri kwenye kinu, aende, Jumamosi atakuja kulala na watasoma mpaka mafuta yaishe. Veneranda akaitikia, akaruka mtaro, akakimbia kuwafuata wenzake. Hesabu akaiacha ubaoni nusu.

Kesho yake wakaja Batuli na Abasi tu.

Mama Apolinaria alikwisha koroga uji wa watu wote. Akakaa anasubiri, ananung'unika kwamba wazazi wa ng'ambo wamewatuma watoto kuokota kuni tena, na mtihani ule pale. Uji ukapoa, ukafanya ngozi juu. Ndipo Raymundi akaingia, anasukuma baiskeli, kofia kashika. Hakumkwepa safari hii.

"Mama," akasema, "ng'ambo hakuna mtu."

Walikwenda wote wawili. Mapaa ya nyumba yalikuwa yamebomolewa yakaangushwa ndani, ili mtu asirudi. Kuku walikuwa wakizurura. Kwa Mahona mizinga ilikuwa bado mitini, nyuki wanaingia na kutoka na shughuli zao, na jikoni kulikuwa na chungu juu ya mafiga, ugali uliosongwa nusu, mwiko umesimama ndani yake. Mama Apolinaria akaita jina la Veneranda. Alijua hayupo, na bado akaita, mara nyingi, mpaka Raymundi akamwomba anyamaze. Kisha akaukumbuka upawa ukiwekwa taratibu juu ya mfuniko, na mkono usiodai kitu. Akakaa juu ya kinu cha mama yake Veneranda, akashindwa kusimama.

Kuanzia hapo alihangaika kama mwendawazimu. Alikwenda ofisini kwa bwana mmoja wa operesheni ya kuhamisha watu, akangoja kwenye benchi mpaka zamu yake. Yule bwana alikuwa na adabu, hilo tusimnyime. Alimpa kiti, akamweleza kwamba wananchi wamehamia kwenye maendeleo, na watajengewa shule. Akauliza lini. Akajibiwa wakishaijenga wenyewe. Akasema kuna mtoto mmoja, mmoja tu, arudishwe wiki chache afanye mtihani. Yule bwana akatabasamu kwa huruma, akasema wakianza kumrudisha mmoja, wengine je? Mwalimu mkuu naye alisema nafasi ya Veneranda ipo, dawati lipo, aje tu akae. Aje vipi, hakuna aliyejua. Hata mahali penyewe walikopelekwa, watu walipataja kwa kuelekeza kidole upande wa machweo.

Nassibu hakuonekana. Alikuwa safarini na lori, wengine wakasema anajificha. Mwishowe akaja, mchana, akasimama nje ya banda kama mkoma. Alipoamkiwa na Batuli na Abasi hakuitikia. Mama Apolinaria akatoka. Alikuwa ameyapanga matusi yake siku nyingi, akafungua mdomo ayatoe, na hakupata hata moja. Yote alikwisha yatumia kwa utani. Mwizi, mwongo, muuaji, mla maiti, yote alimwita akiwa anacheka, na sasa alipoyataka kwa kweli yakawa hayana makali. Alisimama pale, mama mwenye ulimi wa kuogopwa Itetemia nzima, hana neno.

Nassibu ndiye aliyeanza. Alisema aliwabeba mwenyewe. Veneranda alikaa nyuma na mama yake, juu ya magunia, na njia nzima alikuwa akigonga kioo cha nyuma anamwita, Mjomba Nassibu, unatutania? Alisema mahali penyewe ni mbali, mwendo wa lori kutwa nzima, pori lililofyekwa, bado halina jina wala kisima.

"Ulishindwa hata kunishika mkono?" Mama Apolinaria akauliza.

"Nilikuambia, mtani. Mdomo mwingine sikuwa nao."

Akaahidi kwamba safari ijayo atamrudisha msichana, hata kama atafukuzwa kazi amwage unga. Na alijaribu kweli. Lakini Mahona alikataa. Hakuwa na moyo mbaya. Mkewe alikuwa amelala mgonjwa, kibanda hakijaezekwa, na maji yalichotwa kwenye dimbwi la mbali ambalo msichana ndiye alikuwa akiliendea. Akamwambia Nassibu kwamba amekwisha chukuliwa nyumba na nyuki, mtoto hamtoi. Mgambo naye alikuwa amesimama pale anasikiliza. Nassibu akarudi na kiti kitupu, akaleta ujumbe mmoja tu kutoka kwa Veneranda. Mwambie mama tangi linajaa. Jibu ninalo, nikija nitampa.

Mama Apolinaria aligeuka kuutazama ubao. Hesabu ilikuwa bado pale, nusu, hakuna aliyeruhusiwa kuifuta. Alifurahi, na furaha hiyo ilimuuma kuliko yote yaliyotangulia.

Asubuhi ya mtihani alikwenda kusimama kwenye uzio wa shule. Aliwaona wakiingia na kalamu zao, watoto wa mjini, nguo zimepigwa pasi. Alisimama mpaka wakatoka. Watu waliompita walimwamkia, akaitikia, na hakuna aliyemuuliza anangoja nini.

Bandani aliendelea kwenda. Aliwapikia Batuli na Abasi uji kwenye sufuria ile ile kubwa, unga kidogo chini kabisa, kijiko kinagonga bati. Raymundi alimshauri apumzike kwa muda. Alimjibu kwamba hajachoka, lakini alisema bila ukali, na Raymundi akatamani angemtukana.

Mvua zikaanza. Wiki ya pili ya mvua hizo, lori likasimama nje ya kanisa na Nassibu akaingia bandani, kofia mkononi, magoti yamejaa tope.

"Mtani," akasema, kisha akautazama ubao.

"Veneranda?"

Akaitikia kwa kichwa. Na Mama Apolinaria, hilo ndilo lililomtesa mpaka uzee wake, alingoja. Kwa kitambo kidogo, sufuria mbele yake, alimtazama yule mwanamume usoni na kungoja acheke. Alimwomba Mungu acheke. Amtukane, amwambie Mnyamwezi mjinga, umedanganyika tena. Hakucheka.

Kilichomuua ni kuhara. Mvua zilisomba uchafu wote wa kijiji kipya zikauingiza dimbwini, na watoto ndio waliotangulia. Veneranda alichota maji, akamnywesha mama yake mgonjwa na akanywa mwenyewe. Mama yake alipona.

Mahona alikuwa ameagiza maziko yamngoje katekista, basi wakapanda lori saa ile ile, Mama Apolinaria na Raymundi. Mama alibeba unga na upawa, kama mwanamke yeyote aendaye msibani kusaidia kupika. Walilala kwenye misheni moja ya njiani, na walipofika ilikuwa asubuhi, anga limeinama, vibanda vimepangwa mistari minyoofu kwenye matope. Akina mama wa ng'ambo walimpokea, wengi wamekonda hata akawatambua kwa sauti tu. Mahona alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaanza kusema juu ya safari ile aliyomkatalia Nassibu mtoto. Mama Apolinaria akamwambia, baba Veneranda, nyamaza, mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani jioni ile. Mahona hakumwelewa, wala yeye hakumweleza.

Kaburi lilikuwa pembeni ya kijiji, karibu na mengine mapya. Maji yalianza kutuama chini. Veneranda alikuwa amefungwa kwa shuka na mkeka, mrefu kuliko walivyomkumbuka. Raymundi akasoma sala zake. Alipomaliza, kabla ya kushusha mwili, wazee wakageuka wote kumtazama Nassibu. Hakuna aliyemwambia kitu, hapakuwa na haja. Palikuwa na Mzaramo pale, na mazishi ya Wanyamwezi yenye Mzaramo yana utaratibu wake. Watu wale hawakuwa wamecheka tangu walipopakiwa. Walikuwa wakimngoja.

Nassibu akashuka kaburini. Akalala chali kwenye maji, na viatu vyake, akajifunika uso kwa mikono.

Mnong'ono wa kicheko ukapita. Mzee mmoja akasema huyo ndiye mtani, ona alivyopapenda, hata kitanda hajatandikiwa. Mwingine akamwambia atoke, hapo pana mwenyewe, yeye akatafute kwake baharini. Kikaongezeka kicheko. Akatupiwa konzi ya karanga za kumkomboa, zikamwangukia kifuani, hakuzigusa. Mabega yake yakawa yanatikisika. Sauti ikamtoka, ya chini, ndefu, na watu wakajishika mbavu. Mwanamke mmoja akajifuta macho kwa khanga, akasema huyu analia kumshinda mfiwa. Hata Mahona, wa kwanza kustahili kulia pale, alifunua meno kidogo.

Mama Apolinaria alikuwa ukingoni. Aliona mdomo wa Nassibu ukiwa wazi chini ya mikono ile, tope linaingia, na kifua kinapanda na kushuka ovyo. Alijua. Katika umati wote ule ni yeye peke yake aliyejua, na gharama ya kujua huko ilikuwa imelala mkekani karibu na miguu yake. Alitaka kuwaambia watu waache. Akalitafuta neno, na lililomjia ni lile lile moja, hatanii. Akajisikia tena mwenyewe akilipaza bandani, mkono kiunoni, na watoto wakianguka kwenye mabenchi. Akilitamka hapa watavunjika mbavu.

Akapiga magoti kwenye tope. Akatoa upawa kwenye mzigo wake, akaunyoosha chini kaburini, mpini kwanza, kama mtu anavyomkomboa mtani wake.

"Toka, mtani," akasema. "Leo nimekusikia."

Nassibu akaushika mpini. Na watu wakacheka na hilo pia, wakasema hawa wawili kweli ni watani.